Kipande cha nta nilichokibeba hadi Nairobi

Karatasi ya kwanza ya maabara ilisema nina saratani ya titi. Niliisoma kwenye benchi la kliniki hapa Kisumu, nikadhani yote yameshasemwa. Daktari akanirekebisha kwa upole: "Mwalimu, hii imetupa jina lake tu. Tabia yake bado hatuijui." Alitaka sampuli ipimwe vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea homoni za estrojeni na projesteroni, pamoja na HER2, protini inayoiamuru seli ikue. Kumbe wiki tatu nzima sampuli hiyo ilikuwa rafuni, maana kipimo hicho hakikufanyika pale na hakuna aliyenijulisha. Hilo liliniuma kuliko kisu cha biopsi, kile kilichokata chembe ya nyama ya kupimwa.

Niliiomba nikapewa mkononi: kipande cha nta kidogo kama kiberiti, ndani yake chembe ya nyama ya titi langu. Wakanionya nisikiache juani. Nikakifunga kwa leso, nikakikumbatia kwenye mkoba, nikapanda basi la usiku. Mpaka tunapita Kericho sikuwa nimefumba jicho.

Jibu likarudi HER2 ni 2+. Vipokezi vyote viwili vya homoni, hakuna. Nikauliza hiyo 2+ ni nzuri au mbaya. Daktari alijua nafundisha, akatumia kengele ya shule. Kila seli ina nakala mbili za jeni ya HER2, kama shule yenye kengele mbili. Jeni hiyo hutengeneza protini inayokaa juu ya seli na kuiamuru ikue, igawanyike. Kwenye baadhi ya saratani nakala zinaongezeka mno, protini inajaa juu ya seli, basi kengele zinalia mchana na usiku, na seli hazipumziki kugawanyika. Maabara huipa protini hiyo alama: 0 na 1+ huhesabiwa hasi, 3+ ni chanya. Hiyo 2+ iko katikati, na tiba haianzishwi kwa kubahatisha: sharti zihesabiwe nakala za jeni yenyewe, kwa kipimo kiitwacho fishi.

Kwa hiyo pesa tena. Walimu wenzangu walichanga, chama chetu kikanipa zamu yangu kabla ya wakati.

Nikiwa nasubiri, jirani akanihimiza nipime damu tu, kipimo cha CA 15-3, alama ya saratani inayotafutwa kwenye damu, eti ni rahisi na inaonyesha kila kitu. Nilikaribia kwenda. Daktari alinieleza kwamba alama hiyo yaweza kupanda hata kwa ugonjwa wa ini, na yaweza kuwa ya kawaida wakati saratani ipo. Husaidia zaidi kufuatilia ugonjwa uliokwisha kusambaa. Haiwezi kuchagua dawa badala ya kipimo cha nyama yenyewe. Nasema hivi kwa sababu nimewaona kina mama wengi wakimaliza akiba yao kwenye vipimo vya damu huku sampuli zao zimelala rafuni.

Fishi ilitoka chanya: nakala za jeni zilikuwa zimezidi. Katika kila wanawake 100 wenye saratani ya titi, 15 hadi 20 hivi wako kundi hili, na zamani lilikuwa kundi la kuhofiwa. Dawa yake, trastuzumabu, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Hujishikiza kwenye protini ile ile, ni kama kuushika ulimi wa kengele. Tamoksifeni, dawa inayozuia estrojeni, ambayo dada yangu wa Bungoma alimeza miaka mitano ikamfaa, isingenisaidia mimi, kwa kuwa uvimbe wangu hauna vipokezi vya homoni. Tulizaliwa tumbo moja, ugonjwa una jina moja, dawa mbali mbali.

Nilianza na kemo, dawa kali za kuua seli za saratani, kisha sindano ya paja kila baada ya wiki tatu kwa mwaka mzima, na moyo ukipimwa kila miezi mitatu kwa sababu dawa hii yaweza kuudhoofisha. Wangu ulistahimili.

Baada ya dozi ya mwisho nilirudi Nairobi kukichukua kile kipande cha nta. Ugonjwa ukirudi, wataalamu watataka kulinganisha. Kimo kabatini kwangu, penye baridi, ndani ya leso ile ile, na binti yangu anajua kilipo.