Ukikutana na mteja wako Kiborloni

Nafundisha maadili ya taaluma kwa wanafunzi wa masta ya saikolojia tiba hapa Moshi, na kila mwaka wanakuja wameshameza miongozo, ukiwauliza usiri ni nini wanatiririka tu. Sawa. Ila mi huwa nawaanzishia Kiborloni, kwenye mitumba.

Miaka ya nyuma nilikuwa napekua masweta pale nikamwona mama mmoja niliyekuwa namhudumia (nimebadilisha vitu kidogo asijulikane), nikafurahi jinsi alivyochangamka, nikamwambia "za siku mama, unaendeleaje?" Basi. Kumbe yupo na mama mkwe. Mama mkwe akauliza mnajuana wapi, yule mama akajibu harakaharaka kwamba namfundisha mtoto wake, na mi nikaitikia kwa kichwa, yaani nikaingia kwenye uongo pamoja naye. Kliniki hakurudi tena. Sikutaja ugonjwa wala faili, lakini jamani, "unaendeleaje" si anaulizwa mgonjwa?

Bado inaniuma. Ndo maana nawaambia, mji huu utakutana na mteja kwenye msiba, kipaimara, kikao cha harusi, na huwezi kumkwepa. Hata mwongozo wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, ambao toleo la kwanza lilitoka 1953, sa hivi hausemi kila uhusiano mwingine na mteja nje ya tiba, kama ujirani, ni kosa, unauliza kama utaharibu kazi yako au kumuumiza mteja. Kwa hiyo sesheni ya kwanza kabisa muulize, tukikutana njiani tufanyeje? Na msubiri yeye aanze kusalimia.

Halafu kuna upande wa pili, siri ambayo haitakiwi kukaa. Hapo naleta kesi ya Tarasoff ya California. Mwaka 1969 kijana alimwambia mwanasaikolojia wake kwamba atamuua binti fulani, mwanasaikolojia akawaambia polisi wa chuo, wakamshika wakamwachia, binti mwenyewe na wazazi wake hawakuambiwa kitu, akauawa mwezi wa kumi. Mwaka 1976 mahakama ya juu ya jimbo ikasema mtaalamu ana wajibu wa kuchukua hatua kumlinda anayetishiwa. Mwanafunzi mmoja akauliza, mwalimu, huku kwetu ningemwambia nani, mjumbe? Na mjumbe akiwa shemeji yake huyo kijana? Tulikaa na hilo swali saa mbili nzima na sikutaka kuwakatisha, maana unatakiwa useme kile tu kinachomwokoa mtu na kwa yule tu anayeweza kumwokoa, mengine yabaki na wewe, na kwenye mtaa ambao wote ni ndugu hiyo ni kazi ngumu kweli.

Mwisho tunaigiza. Mmoja mteja, mmoja mama mkwe, mmoja mtaalamu anapekua masweta. Wiki hii binti aliyekuwa mtaalamu alipita mbele yao, akasema "shikamoo mama" kwa yule mama mkwe, akamgeukia muuzaji: "hili la bluu bei gani?"