Kutoka Piraeus hadi Rhodes: meli kwanza, ndege baadaye

Bandari ya Piraeus, jirani na Athens, Ugiriki, ni kubwa kiasi kwamba malango yake yamepewa namba, kuanzia E1 hadi E12. Ukishukia lango lisilo lako unaweza kuburuza sanduku karibu nusu saa, kwa hiyo namba hiyo isome ungali kwenye treni.

Meli ya kwenda kisiwa cha Naxos tuliipanda kwa nyuma, kwenye mlango wa chuma wanaopitia malori na pikipiki. Mizigo inaachwa humo chini, kwenye rafu zilizoandikwa jina la kila kisiwa, wala hupewi risiti. Nilipanda juu nikiwa na tiketi ya sitahani, ambayo ndiyo ya bei ya chini na, kwa maoni yangu, ndiyo bora: upepo bure, visiwa vinapita kushoto na kulia.

Tulipokaribia Paros tangazo likatoka, wanaoshuka wakamiminika chini na kusimama katikati ya magari yanayonguruma. Meli ikageuka palepale, ikatupa nanga, ikarudi kinyumenyume hadi gatini. Mlango ulianza kushushwa hata kabla haijatulia. Hapo ni kusukumana: hawa wanatoka, hawa wanaingia, askari wa bandari anapuliza filimbi, lori la mboga linadai njia. Dakika chache tu, nanga ikang'olewa.

Naxos inakupokea kwa Portara, mlango mkubwa wa marumaru wa hekalu lililoanza kujengwa karne ya 6 kabla ya Kristo na halikumalizika hadi leo.

Hapo ndipo upepo ulipotukamata. Kwetu pwani kaskazi huanza kuvuma mwishoni mwa mwaka, na zama za majahazi watu waliusubiri kwa hamu. Huku upepo uitwao meltemi hushuka kutoka kaskazini katikati ya kiangazi, Julai na Agosti, anga likiwa bila wingu hata moja. Mgeni anaangalia jua, anashangaa kuambiwa bahari imechafuka. Upepo ukifika kiwango cha 8 cha Beaufort, kipimo cha nguvu za upepo, kwa kawaida meli huzuiwa kutoka. Boti za mwendo kasi husimama mapema zaidi. Yetu ya kwenda Santorini ilifutwa. Meli kubwa ya polepole ikaja kama kawaida, tukabadilisha tiketi.

Kuingia Santorini ni kuingia ndani ya volkano. Kuta za miamba, nyeusi na nyekundu, zinazunguka maji, na vijiji vyeupe viko juu kabisa ukingoni. Kutoka bandari ya Athinios basi linapanda kwa kona kali. Aliyekaa dirishani bora asitazame chini.

Upepo ulipotulia, boti ya kasi ilitufikisha Heraklion, Krete, kwa saa mbili hivi. Kutoka hapo hadi kisiwa cha Rhodes nilichagua ndege. Safari nyingi za anga kati ya visiwa hukurudisha kwanza Athens, na muda uliodhani umeuokoa unaishia kwenye foleni za uwanjani. Lakini Heraklion na Rhodes zina ndege ya moja kwa moja, ndogo, ya mapangaboi, takriban saa moja. Meli ya njia hiyo hupitia visiwa vya Kasos na Karpathos, haiji kila siku, na hula usiku mzima. Kwa mwenye haraka, ndege inalipa. Mimi nikirudi nitaingoja hiyo meli, maana Karpathos niliiona kutoka juu tu, milima mitupu na barabara moja nyembamba.