Kitufe kimehama, mkono bado uko pale pale

Maalim alikuja saiba kwangu hapa Lamu Alhamisi baada ya alasiri na karatasi zake za mtihani wa madrasa, kurasa nne za mkono, akaketi kwenye ile mashine ya dirishani kama kawaida yake. Mimi napenda sana kumtazama Maalim akitype. Macho yako kwenye karatasi, skrini haiangalii, mkono wa kulia unashika mausi unaisukuma mpaka kona ya chini kushoto, anabonyeza, halafu ndipo anainua uso kuona menyu imefunguka. Amefanya hivyo kwenye kiti kile kile miaka mingi.

Safari hii alipoinua uso akakuta nusu ya skrini imejaa picha za watu asiowajua, hali ya hewa, mpira na habari za nchi za mbali. Akautoa mkono kwenye mausi kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Mwanangu, ndoo hapa. Nimeharibu nini?"

Hakuharibu kitu. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimemaliza kupandisha mashine za saiba kutoka Windows 10 kwenda Windows 11, na kwenye hii mpya kitufe cha Start kimetolewa konani kimewekwa katikati, na pale konani kimekaa kijidude cha hali ya hewa ambacho ukikipitishia mausi tu, hata hujabonyeza, kinakumwagia ukurasa mzima. Nikamueleza. Akatikisa kichwa akasema, "Basi yana ilikuwa hapa, leo imekwenda katikati, kwani ilikuwa inamkera nani hapa?"

Nimekaa na swali hilo tangu siku ile, ndio maana naandika.

Kwanza niseme kwa nini nilipandisha, maana kuna waliodhani ni mimi nimetaka mapambo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifika mwisho wa kuhudumiwa, yaani zile apdeti za usalama za bure zilizokuwa zinakuja kila mwezi zikakatika. Na mimi hapa watu wanafungua akaunti zao za eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, wanajaza fomu za chuo, wanaskani vitambulisho, siwezi kuwawekea mashine ambayo tundu likigunduliwa hakuna wa kuliziba. Nina mashine sita. Nne zilikubali, mbili zikakataa kabisa kwa sababu Windows 11 inataka prosesa za karibuni, kwa upande wa Intel ni kuanzia kizazi cha 8, na inataka kile kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Mbili zangu ni za zamani kidogo. Zinafanya kazi vizuri, hazina kasoro, lakini hazikubaliwi. Hizo nitazirudia.

Sasa maneno ya watu. Wallahi sikutarajia yatagawanyika vile, nilidhani wazee watalalamika na vijana watafurahi basi, lakini haikuwa hivyo hata kidogo.

Kijana mmoja anayeshughulikia buking za nyumba za wageni kule Shela aliipenda siku ya kwanza. Kuna kitu ukipeleka mausi kwenye kile kitufe cha kukuza dirisha, kinakutolea vimraba vidogo, unachagua dirisha hili likae nusu hii na lile nusu ile. Yeye kazi yake yote ni kutazama barua pepe huku anajaza hesabu kule, alikuwa kila saa anahangaika kuvuta madirisha, sasa anabonyeza mara mbili amemaliza. Aliniambia angelijua angelinisukuma nipandishe zamani. Na kweli, hilo ni jambo zuri, mimi mwenyewe nalitumia kila siku nikipiga hesabu za fotokopi na printa.

Lakini kijana mwingine, wa chuo, rika lile lile, alikasirika kuliko Maalim. Yeye alizoea kuweka ule mstari wa chini, wenye Start na ikoni za programu, upande wa kushoto wa skrini, wima, ili apate nafasi ndefu ya kusoma. Windows 11 ilipotoka tarehe 5 Oktoba 2021 ruhusa ile iliondolewa, mstari ukawa unakaa chini tu. Kitu kilichokuwepo miaka yote, hakimsumbui asiyekitumia, kikatolewa. Akaniuliza nimpe dawa, sikuwa nayo.

Na kuna mama mmoja wa Langoni anauza achari na viungo, huja kuchapa bei zake na vibandiko vya chupa. Yeye kompyuta alijifunza kwa kusoma maneno, sio picha. Alikuwa akibonyeza upande wa kulia wa mausi inatoka orodha, anasoma kata, kopi, bandika, anachagua. Kwenye Windows 11 ile ya mwanzo, ukiwa kwenye mafaili, maneno hayo yalitolewa yakawekwa vipicha, kimkasi, vikaratasi viwili, na vipicha vyenyewe saa zingine viko juu ya orodha saa zingine viko chini kutegemea umebonyeza wapi. Apdeti kubwa ya mwaka 2024 ikarudisha maneno madogo chini ya vile vipicha. Alhamdulillahi. Hata hivyo mambo mengine bado yamefichwa, lazima ubonyeze pale mwisho kuonyesha zaidi ndipo orodha ya zamani inatoka nzima nzima. Nikamfundisha kushika Shift halafu abonyeze kulia, inakuja moja kwa moja ile ya zamani. Alifurahi mpaka akaniletea chupa ya achari ya ndimu.

Wa mwisho nitakaemtaja ndiye alinishangaza zaidi. Bibi mmoja, umri wake si mdogo, hajawahi kushika kompyuta, alikuja kujifunza aongee na wajukuu zake walioko Oman kwa skrini kubwa. Nikamkalisha kwenye Windows 11, nikamwambia bonyeza hapo katikati. Akabonyeza. Hakuuliza kitu. Kwake katikati ndio mahali pake tangu mwanzo, hana kona ya kukumbuka. Kwa hiyo kile kitu si kigumu chenyewe, ugumu uko kwa yule aliyekuwa tayari anajua. Yaani unayemuumiza ni yule yule aliyekuwa na wewe siku zote.

Hapa namkumbuka nyanya yangu. Mwisho wa umri wake macho yalikwisha, lakini ndani ya nyumba alikuwa akitembea bila kushika ukuta, anatoka chumbani anapita ukumbini mpaka kwenye mtungi, anashika kata, anachota maji, anarudi. Siku moja sisi watoto tukafagia vizuri tukausogeza mtungi upande wa pili, tukaona panapendeza zaidi, na kweli palipendeza. Yeye akaja, mkono ukashika hewa. Alisimama pale kimya. Hakutukemea, aliuliza tu, "Nimepotea ndia?" Ndani ya nyumba yake.

Maalim na nyanya waliuliza swali moja. Wote wawili walidhani kosa ni lao.

Nirudi kwenye kona. Windows 95 ilitoka tarehe 24 Agosti 1995 na ndiyo ilileta kitufe cha Start pale chini kushoto. Hesabu mpaka 2021, ni miaka 26. Katikati hapo Microsoft, wenye Windows yao, walishawahi kujaribu, Windows 8 ya Oktoba 2012 ilikiondoa kitufe kabisa ikaleta skrini nzima ya vigae vya rangi, kwa sababu walikuwa wanafikiria zile kompyuta za kugusa kwa kidole. Watu wakapiga kelele dunia nzima, na Oktoba 2013 Windows 8.1 ikakirudisha kitufe, halafu Windows 10 mwaka 2015 ikarudisha menyu yenyewe. Lakini sikiliza hili, hata kwenye Windows 8 ukibonyeza pale konani patupu ilikuwa inafanya kazi. Kitufe hakionekani lakini mkono ulikuwa unapokelewa.

Na kona si mazoea tu, ina sababu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani Paul Fitts alionyesha kwamba muda wa mkono kufikia kitu unategemea umbali wake na ukubwa wake. Sasa kwenye skrini, kona ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa sababu mausi ikifika pale inazuiwa, haiwezi kupita, unaisukuma tu bila kulenga inajikuta imefika, kama mashua inayosukumwa na maji mpaka ikagusa ukuta wa gati. Katikati hakuna ukuta kushoto wala kulia, lazima ulenge. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalioni mpaka uwaonyeshe: vitu vya katikati vinajipanga upya kila ukifungua programu, kwa hiyo Start chenyewe kinasogea kushoto kidogo kidogo. Fungua programu tano halafu tazama kiko wapi. Mkono hauwezi kuzoea kitu kinachotembea. Kwangu mimi hilo ndilo kosa lao kubwa, kuliko vipicha, kuliko kona za mviringo, kuliko yote.

Nilipomwambia hayo yule kijana wa Shela, alinijibu kwamba sisi wa Lamu hatutaki kubadilika, mji wetu wa kale umewekwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001 na mtu akitaka kugusa mlango wa mbele lazima aombe. Nikamwambia ingia ndani ya hizo nyumba basi. Utakuta friji, utakuta wifi, utakuta jikoni limepangwa upya na mwenye nyumba mwenyewe. Sisi tunabadilisha sana, ila anaebadilisha ni anaeishi humo.

Zile mashine mbili zilizokataliwa niliziwekea Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Ni ya bure, apdeti zake zinakuja, na menyu yake iko, niambie wapi, kona ya chini kushoto. Huko kwa watu wa Linux nako walishapigana kuhusu mambo haya haya. Mwaka 2011 GNOME 3, moja ya sura za skrini za Linux, ilipotoka ilibadilisha kila kitu, ule mstari wa chini wenye madirisha uliondolewa, Ubuntu, Linux nyingine, nayo mwaka huo huo ikaifanya Unity kuwa sura yake ya kawaida, watu wakagawanyika vibaya. Lakini kwa sababu msimbo wa programu hizo uko wazi kwa yeyote kuuchukua, mtumiaji mmoja wa Argentina akaichukua GNOME 2 ile ya zamani akaiendeleza, akaiita MATE, jina la kinywaji chao cha majani kule Amerika ya Kusini, na mpaka leo ipo inatumika. Aliyependa mpya akaenda na mpya, aliyependa ya zamani hakuambiwa umepitwa. Mimi huo ndio ustaarabu ninaoutaka. Sikatai mapya, nakataa kufungiwa mlango wa zamani kwa nyuma yangu.

Na tuwe wakweli, Windows 11 kitufe kurudi kushoto imeruhusu tangu siku ya kwanza, shida ni kwamba hakuna anayemwambia mtu. Bonyeza kulia kwenye mstari wa chini, fungua mipangilio yake, shuka mpaka kwenye tabia za mstari, pale pa mpangilio chagua kushoto. Nusu dakika. Ukiwa hapo hapo zima na kile kijidude cha hali ya hewa. Na kama unafungua mafaili mengi ya Word na yote yanajikunja kwenye ikoni moja, tangu 2023 unaweza kuchagua yasikunjwe, kila moja likaonyesha jina lake, chaguo liko pale pale. Mimi nilipaswa kufanya hivi usiku ule ule kabla mtu hajaketi. Sikufanya, na Maalim akadhani ameharibu mali ya mtu, hilo limeniuma na nimemuomba radhi.

Nilipoziweka zote nne kushoto, kijana wa buking naye akaja juu, ameshazoea katikati. Akaketi akairudisha, aliyefuata akakuta katikati, akaita. Siku mbili nzima ikawa ni hivyo, mmoja anaweka, mwingine anatoa, mimi nazunguka katikati yao. Mwisho nikaenda kununua utepe. Mbili zina utepe wa kijani juu ya skrini, hizo ni kushoto. Mbili hazina, hizo ni katikati. Za Mint zina utepe mweupe. Anayeingia anajua aketi wapi, na mgeni nauliza kwanza, umezoea wapi?

Jana tena ilikuwa Alhamisi. Masalkheri, masalkheri, Maalim akaenda dirishani, akautazama ule utepe wa kijani, akaketi akafungua karatasi zake. Mtihani wa darasa la pili, nakala arobaini. Mkono ukashika mausi ukaenda konani ukabonyeza, menyu ikafunguka, na yeye bado anasoma swali la kwanza.