Nilivyozitambua Dalili za Usonji kwa Mwanangu

Mwanangu wa pili alipokaribia miaka miwili bila kutamka neno, wazee wa nyumbani kwetu Uyole, jijini Mbeya, walinituliza kwamba watoto wa kiume huchelewa kusema. Huenda ningeridhika kama lingekuwa suala la maneno peke yake. Kilichonitia shaka ni kwamba alipotaka maji hakunyoosha kidole wala kunitazama usoni, bali alinishika kiganja, akakivuta hadi kwenye mfuniko wa ndoo na kukiacha pale, kana kwamba mkono ule haukuwa na mwenyewe. Mtoto wa jirani, mdogo kuliko yeye, alikuwa akionyesha kila bajaji ipitayo, kisha anageuka kuhakikisha kwamba mama yake naye ameiona.

Nikaanza kuandika daftarini nilichokiona, si nilichokihofia: ameitwa jina, hakugeuka, mashine ya kusaga imewashwa, ameziba masikio na kulia, amepanga vizibo vya soda kwa mstari, kimoja kiliposogezwa hakubembelezeka mpaka kiliporudishwa. Nilirekodi pia video fupi kwa simu, kwa kuwa mbele ya daktari mtoto haonyeshi kila anachokifanya nyumbani.

Hospitalini walianza kwa kumpima usikivu, na kwa maoni yangu hatua hiyo haifai kurukwa, maana mtoto asiyesikia naye haitikii jina lake. Usikivu ulipoonekana mzuri, niliulizwa maswali ya dodoso la M-CHAT-R, lenye maswali 20 kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, ambalo halithibitishi usonji (autism, hali ya ukuaji inayoathiri mawasiliano na uhusiano wa mtoto na watu) bali huonyesha ni nani achunguzwe zaidi. Hapo daftari lilinifaa sana. Usonji hauna kipimo cha damu. Wataalamu huubaini kwa kumchunguza mtoto na kumsikiliza mlezi.

Mama mkwe alishuku chanjo. Nilimweleza kwamba makala ya mwaka 1998 iliyoeneza hofu hiyo ilifutwa na jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2010. Waliotaja uchawi sikubishana nao.

Mazoezi tuliyaanza wakati uchunguzi ukiendelea: nashika kikombe karibu na uso wangu, nasubiri anitazame au akiguse, ndipo nampa. Bibi yake, ambaye zamani alimpa kila kitu kabla hajaomba, ndiye sasa anayewakemea wanaomharakishia.