Peugeot 504 iliyotetemeka: jinsi nilivyotatua

Peugeot 504 yangu ya mwaka 1978 ilikuwa na mtetemo ambao kwa miezi kadhaa nilidhani ni mmoja, kumbe ilikuwa miwili. Usukani ulitikisika nilipofika kilomita 85 kwa saa na kutulia nikipita 100. Tena, katika mteremko wa kuelekea Mai Mahiu, nchini Kenya, kila nilipokanyaga breki, pedali iligonga unyayo kwa mapigo yaliyofuata mzunguko wa gurudumu. Fundi wa kwanza alibadilisha tairodi (fito zinazounganisha usukani na magurudumu) bila kupima chochote, na hali ikabaki ile ile.

Nilianza kwa kuyahamishia nyuma magurudumu ya mbele. Mtetemo wa mwendo ulitoka kwenye usukani ukaja kwenye kiti, nikajua kwamba kosa liko kwenye gurudumu lenyewe. Rimu moja ilikuwa imepinda, nikaibadilisha.

Ule wa breki haukuondoka. Niliinua gari, nikakaza kwanza beringi iliyolegea kidogo, kwani ukipima diski (sahani ya chuma inayobanwa na breki) ilhali beringi inacheza, utakuwa unapima ulegevu wa beringi. Kisha niliegemeza geji, kipimo chenye mshale kinachoonyesha kuyumba, karibu na ukingo wa diski na kuizungusha diski kwa mkono: upande wa kushoto mshale uliyumba milimita 0.2, na hata 0.1 ni nyingi. Nilikuwa tayari kununua diski mpya, lakini nilipoifungua nilikuta ganda la kutu, jembamba kama karatasi, kati yake na habu, kitovu inapofungwa diski. Nililikwangua kwa brashi ya waya, nikakaza boliti kwa kukingamisha, moja kisha ile ya upande wa pili, nikapima tena: 0.05. Pedali ikatulia, na fedha za diski zikafidia zile za rimu.