Mwenye lupango alipotaka kutupandishia kodi kwa mdomo

Hapa Lubumbashi, Kongo, kodi ya nyumba hupandishwa kwa mdomo. Mwenye lupango, yaani mwenye kiwanja na nyumba zilizomo, anapita jioni, anakataa kiti, anasema: "Kuanzia mwezi ujao ni mia moja sitini." Ukiuliza sababu, unaambiwa kuna watu wengine wanaoitaka nyumba. Basi. Asubuhi yake mama wa nyumba anaanza kuuliza majirani kama wanajua komisioneri mzuri, yaani dalali wa nyumba.

Sisi ilitufikia mwanzoni mwa 2024, katika komini (wilaya ya mji) ya Kampemba, nyumba ya vyumba viwili na sebule tuliyokuwa tukilipa dola 100 kwa mwezi. Pamoja na kodi mpya alitaka jambo la pili ambalo watu wengi hawalipigii hesabu, yaani kujaza garanti, ile amana anayoishika mwenye nyumba. Tuliingia na garanti ya miezi sita, dola 600. Kwa bei ya 160, miezi sita ni 960. Kwa hiyo mwezi uleule tulitakiwa kumpa 160 za kodi na 360 za kujaza garanti, jumla dola 520. Mimi ni fundi wa maabara katika kliniki ndogo, mume wangu anauza vitambaa soko la Kenya. Dola 520 kwa mpigo hatukuwa nazo, wala hatukuwa na wa kutukopesha.

Tena mshahara wangu ni wa frangi za Kongo. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu frangi 2,000, na mwaka ule ulipoisha ilikuwa imepita 2,600. Dola 100 zilezile zilikuwa zinanitoka frangi 60,000 zaidi kila mwezi kabla mwenye nyumba hajafungua kinywa. Nalisema hili kwa sababu wenye nyumba hudai kwamba wanapandisha kodi kwa ajili ya maisha kupanda. Anayepokea dola na anayelipwa frangi hawakuumizwa sawa na mwaka ule.

Ndugu walitupa ushauri wa aina mbili. Wa kwanza, tuhame. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Nyumba nyingine ya dola 120, garanti ya miezi sita ni 720, komisioneri anataka mwezi mmoja wake, tunafika 840 kabla ya gari la kubeba vitu. Na zile 600 zetu? Kwa desturi ya mji huu mwenye nyumba hazirudishi mpaka apate mpangaji mpya atakayeleta garanti yake, ndipo akulipe kwa makuta (pesa) ya mwenzako, mara nyingi kwa vipande vipande. Mtu anahama na deni kubwa kuliko lile alilolikimbia.

Ushauri wa pili ulikuwa tukule garanti, yaani tuache kulipa, tukae mpaka miezi sita iishe, halafu tutoke. Watu wengi hufanya hivyo na sina neno nao. Lakini mtu anayekula garanti bila makubaliano anampa mwenye nyumba neno moja la kusema mbele ya kila ofisi, kwamba huyu halipi. Mambo ya kupandisha bei yanasahaulika, linabaki deni lako.

Shemeji yangu aliyesoma sheria alipokuja, kwanza aliomba aone mkataba. Tulikuwa nao, ukurasa mmoja uliotiwa sahihi na pande zote mbili. Unasema kodi ni dola 100, muda ni mwaka mmoja kuanzia tarehe 1 Septemba, na usipovunjwa unaendelea mwaka mwingine. Kuhusu kupandisha bei, hakuna hata mstari. Akasema, "Dada, hapa ndipo pa kusimama."

Alinieleza mambo mawili ambayo nayarudia kwa kila mtu tangu siku ile. Kwanza, dekre (amri ya kisheria) ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ya enzi za Mfalme Leopold II, bado inatumika Kongo. Kifungu chake cha 33 kinasema makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa walioyafanya, na hayavunjwi ila kwa kukubaliana wao wenyewe au kwa sababu ambazo sheria imeziruhusu. Bei ya nyumba ni sehemu ya makubaliano hayo. Pili, kuna sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu upangaji wa nyumba zisizo za biashara ya kitaalamu. Sheria hiyo inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu, na anayetaka kuvunja upangaji usio na mwisho uliowekwa atoe preavi, yaani taarifa ya mapema, ya miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi. Ugomvi nao upite kwanza kwenye upatanisho katika ofisi ya habitat, inayoshughulikia mambo ya makazi, kabla ya kufika mahakamani.

Sheria haimkatazi mwenye nyumba kutaka bei kubwa zaidi. Ana haki ya kuiomba, na siku mkataba unapofika mwisho ana haki ya kusema kwamba kwa bei ya zamani haendelei. Asichokuwa nacho ni uwezo wa kuitangaza peke yake katikati ya mwaka, halafu ikawa deni juu ya kichwa chako. Neno lake ni ombi, na ombi linajibiwa.

Kwa hiyo tulijibu, kwa barua. Tuliiandika kwa Kifaransa kwa kuwa ndiyo lugha ya ofisi zetu, na maana yake ilikuwa hii: Papa, tumesikia ombi lako la kupandisha kodi hadi dola 160. Mkataba wetu wa dola 100 unakwenda hadi tarehe 31 Agosti. Tutaendelea kulipa dola 100 kila mwezi kwa wakati wake. Tuko tayari kukaa nawe tuzungumze juu ya bei ya kuanzia Septemba. Hakuna tusi, hakuna kitisho, wala hatukumwandikia vifungu vya sheria. Shemeji alikataa tuviweke. Alisema barua ya kwanza ni ya kufungua mazungumzo, vifungu vina siku yake.

Nilimpelekea mwenyewe, nakala mbili, moja abaki nayo, nyingine atie sahihi kwamba ameipokea. Hakuigusa kalamu. "Mama, miye siko na mambo ya makaratasi. Bei nimeisha kusema." Nikamwachia nakala yake mezani, nikaenda kwa shefu wa kartie (mkuu wa mtaa) kumwomba anipigie muhuri nakala yangu na kuandika tarehe. Muhuri ule ulikuja kutusaidia sana, maana baadaye mwenye nyumba alisema hatukuwahi kumjibu.

Sasa nifike kwenye kodi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo wapangaji wengi wanapoanguka. Mwisho wa mwezi tulimpelekea dola 100 mkononi. Akakataa: tulete 160 au tusilete kitu. Kuna mtu angerudi nyumbani na pesa yake akiwa na raha, kwa kuwa mwenye mali mwenyewe amekataa. Miezi mitatu ikipita hivyo, una deni la miezi mitatu na huna karatasi ya kuonyesha kwamba ulitaka kulipa. Sisi usiku uleule tulimtumia kwa simu, kwa namba ileile aliyozoea kupokelea, na mume wangu akamwandikia ujumbe: hii ni kodi ya mwezi wa pili, dola 100, kama mkataba unavyosema. Tukafanya hivyo kila mwezi, tarehe ileile, maneno yaleyale. Nilizipiga picha zile jumbe na kuziandika pia katika daftari, kwani simu zinaibiwa. Hakuturudishia hata frangi moja.

Kwa jirani yetu wa mlango wa pili, lupango hilohilo, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Yeye aliogopa, akalipa 160 mwezi wa kwanza na wa pili, na akapewa risiti zilizoandikwa 160. Simlaumu, ana watoto wadogo na mume wake yuko mbali kwa kazi. Lakini risiti ile ni sawa na sahihi. Ukilipa bei mpya ukinyamaza, umeikubali. Kama mtu hana budi kulipa siku ile, basi aandike hata kwa ujumbe wa simu kwamba analipa huku akiwa hajakubaliana na bei.

Vitisho vilikuwepo. Mwenye nyumba alisema atakata waya wa umeme. Alisema ataweka kufuli lake mlangoni tukiwa kazini. Kisha ikaja konvokasio, yaani wito, ya polisi, na kusema kweli karatasi ile ilininyima usingizi. Shemeji alinituliza. Kugombania bei ya nyumba ni jambo la raia kwa raia. Polisi hawapangi kodi ya mtu, na hakuna anayefungwa kwa deni la nyumba. Kumtoa mtu ndani ya nyumba ni kazi ya hukumu ya mahakama, na katiba ya 2006, kifungu cha 29, inasema makao ya mtu hayaingiliwi. Hatukupuuza wito. Tulikwenda wawili, mimi na mume wangu, na mkoba wa karatasi. Afisa alisoma mkataba, akatazama jumbe za malipo moja baada ya nyingine, akamwambia mzee kwamba sisi ni watu tunaolipa na jambo hili apeleke komini. Ikaishia hapo.

Sisi ndio tuliopeleka. Tuliandika barua ya kuomba upatanisho katika ofisi ya habitat ya komini, tukaweka nakala ya mkataba, ya barua yenye muhuri na orodha ya malipo. Wote wawili tuliitwa.

Siku ile nilimsikiliza mzee huyu kwa mara ya kwanza bila mlango kati yetu. Alifanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, miaka mingi na akatoka katika ile operesheni ya kuondoka kwa hiari ya mwaka 2003 na 2004, pamoja na wafanyakazi zaidi ya elfu kumi. Lupango hili ndilo pensheni yake. Ana dawa za presha, ana wajukuu anaowalipia shule, na watu wa ushuru wa mapato ya nyumba wanampitia. Kila mtu wa mji huu ana baba au mjomba aliyetoka vile. Shida zake nilizihurumia na bado nazihurumia. Ila ushuru ule ni wa mwenye nyumba kwa mapato yake, si mzigo wa mpangaji, na karani wa habitat alimwambia hivyo waziwazi. Nami nilisema kwa heshima: "Papa, mahitaji yako ni ya kweli, lakini mshahara wangu haukupanda hata frangi moja, na mkataba tuliuandika pamoja."

Hapo ndipo vifungu vilipopata siku yake. Garanti yetu ya miezi sita ilikuwa mara mbili ya ile ambayo sheria ya 2015 inaruhusu. Dola 300 za juu alizishika bila haki. Mume wangu hakudai zirudishwe. Alisema tu kwamba hatuwezi kuzungumza juu ya kujaza garanti wakati iliyopo imezidi. Mzee akanyamaza kidogo, na kuanzia pale neno la kujaza garanti halikutajwa tena.

Tulianza na dola 110, yeye akashuka hadi 140, tukakutana kwenye 120 kuanzia Septemba. Miezi yote ya katikati ilihesabiwa kwa 100 kama tulivyolipa. Garanti inabaki 600, na siku tutakapotoka atairudisha yote tukimkabidhi ufunguo, bila kungoja mpangaji mwingine. Yaliandikwa katika hati ya upatanisho, sahihi tatu, muhuri, kila upande nakala yake. Rafiki zangu wawili waliniambia ningekomaa mpaka anirudishie zile 300. Labda sheria ingenipa. Lakini nilikuwa na watoto karibu na shule yao na mlango ninaoujua, na mahakama ya amani, ingawa ipo kwa ajili ya mambo haya, ina muda wake na gharama zake. Nilichagua kukaa.

Septemba tuliandika mkataba mpya, na safari hii tulidai mistari ambayo haikuwemo. Bei haibadiliki kwa miaka miwili. Baada ya hapo anayetaka kuibadilisha aandike miezi mitatu mbele. Garanti haipandi pamoja na kodi. Malipo ya simu yanahesabika kama risiti. Tuliupeleka habitat ukapigwa muhuri, kwani mkataba wenye muhuri wa komini hakuna anayeweza kusema haujui.

Jirani wa mlango wa pili aliniomba barua yetu, tukaibadilisha pamoja mezani kwangu. Zile risiti mbili za 160 zilimbana, kama tulivyohofia, na hakuweza kurudi kwenye 100. Alipata 130 na garanti yake haikujazwa. Mpangaji wa nyumba ya nyuma naye ana wito wa kwenda komini, na amekwisha kuanza kutuma kodi yake kwa simu.