Saa ya makundi

Jumamosi, jioni.

Ukitaka kujua kama programu ya muziki ya chuo kikuu inawasaidia kweli watoto wa shule, usisubiri onyesho la mwisho. Chukua ratiba ya Jumamosi ya kawaida, uhesabu dakika ambazo klarineti wamekaa na klarineti wenzao, tarumbeta na tarumbeta, selo na selo, kila kundi chumbani kwake na mwalimu anayepiga ala hiyo hiyo. Zikiwa chini ya 40, watoto wamealikwa kuja kufanya kile kile wanachofanya shuleni, ila kwenye ukumbi mzuri zaidi.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu saa hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa. Basi likichelewa, makundi yanafupishwa. Mgeni wa heshima akija kusalimia, yanafupishwa tena. Onyesho likikaribia, yanafutwa kabisa ili wote wazoee kupiga pamoja. Kumbe kupiga pamoja ndicho kitu ambacho shule tayari wanacho.

Shuleni mwalimu wa muziki kwa kawaida ni mmoja. Mbele yake wamekaa watoto 50 au 60 wa miaka 11 hadi 14, ala kumi na zaidi, na yeye mwenyewe pengine ni mpiga tromboni. Vidole vya klarineti anavijua, kushika upinde anakujua, lakini akisimama kumrekebisha mtoto mmoja mdomo, wengine wote wanasubiri, na watoto wa umri huo hawasubiri kimya. Chuo kina mpiga honi, mpiga viola, mpiga ngoma, na kina vyumba vya kuwatenganisha. Wanakwaya hawahitaji kuelezwa hili: soprano hujifunza peke yao, alto peke yao, besi peke yao, ndipo sauti zinaunganishwa. Okestra na bendi ni vivyo hivyo, ila ugumu wa kila sauti haufanani. Kinachomsumbua mpiga fluti hakimhusu kabisa mpiga selo.

Wazo lenyewe ni la zamani. Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, kilianzisha mradi wake wa ala za nyuzi mwaka 1948, na Chuo Kikuu cha South Carolina kikaanzisha wake mwaka 1974. Utaratibu ni kwamba wanafunzi wanaosomea ualimu wa muziki wanafundisha watoto chini ya macho ya wahadhiri wao. Mtoto anapata mwalimu, na mwalimu mtarajiwa anapata darasa la kweli kabla ya kuajiriwa.

Kwa asubuhi ya saa mbili na nusu, mgawanyo ninaouamini ni huu: dakika 20 za kupokea na kutyuni (kulinganisha sauti za ala), 50 za makundi, 15 za mapumziko, 50 za wote pamoja, 15 za kufunga. Makundi yatangulie, wala yasiwekwe mwishoni. Midomo ya wapiga ala za shaba ni misuli, na misuli ya mtoto wa miaka 12 inachoka upesi. Yule anayeongoza tarumbeta akiwapulizisha noti za juu dakika zote 50, ukumbini hawatakuwa na kitu tena. Awagawe wawili wawili: mmoja anapuliza bari nne (vipande vinavyotengwa kwa mistari ya wima kwenye noti), mwenzake anaziimba huku akibonyeza vali kimya, kisha wanabadilishana. Kundi lote linafanya kazi muda wote, na kila mdomo unapumzika nusu ya muda. Mwenye vyuma vya meno apumzike zaidi, tena awe na nta kidogo ya kufunika ncha zinazomchoma. Akishindwa noti alizoziweza mwezi uliopita, asiambiwe hafanyi mazoezi. Kilichobadilika ni meno.

Hizo dakika 20 za mwanzo zinaliwa sana na tyuna, kile kifaa cha kupimia sauti. Kuwakalisha watoto 60 halafu kumpitia mmoja mmoja kwa sekunde 20 ni dakika 20 kamili, na siku imekwisha haribika. Ala za nyuzi zityuniwe mlangoni. Wanafunzi watatu wa chuo wasimame pale, mtoto afungue kasha, akabidhi fidla, aipokee ikiwa tayari. A kwanza, kwa mitetemo 440 kwa sekunde, kisha D, G, na E mwisho. Tofauti ndogo irekebishwe kwa skrubu za mkiani. Tofauti kubwa ni kazi ya kigingi cha kichwani, ukikisukuma ndani huku ukikizungusha, la sivyo kitateleza kabla mtoto hajafika kitini. Hewa ikiwa kavu, mbao husinyaa na vigingi huachia. Kupaka chaki kidogo panaposuguana husaidia. Ukimaliza, itazame fidla kwa ubavu: kutyuni kwa vigingi huvuta kichwa cha daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, kuelekea shingoni, na daraja lililoinama hatimaye huanguka. Likianguka na nyuzi zote zikalegea, kijiti cha ndani kinachoshikilia ubao nacho kinaweza kulala. Hapo usirudishe nyuzi wala usijaribu bahati. Ubao wa juu bila kijiti unaweza kupasuka. Mtoto apewe fidla ya akiba, yake iende kwa fundi. Kwa sababu hiyo hiyo nyuzi hubadilishwa mmoja mmoja, hazivuliwi zote kwa pamoja.

Ala za kupuliza ni kinyume: zikiwa baridi usiziguse na tyuna. Hewa iliyo ndani ya mrija ikipata joto, sauti hupanda, kama senti 3 kwa kila digrii moja ya Selsiasi, na nusu toni nzima ni senti 100. Klarineti iliyotoka kwenye kasha la baridi itasoma chini, mtoto ataambiwa asukume ndani pipa, kile kipande kifupi kinachofuata kipulizio, na baada ya robo saa atakuwa juu kuliko wenzake wote. Apulize kwanza dakika tano au zaidi, ndipo pipa livutwe milimita moja au mbili inapobidi. Nyuzi nazo, zikipigwa na taa za jukwaani, hulegea na kushuka. Hivyo siku ya onyesho pande mbili zinaachana, moja ikipanda na nyingine ikishuka, na aliyetyuni kwenye chumba cha nyuma tu atashangaa imekuwaje.

Sasa ngoja niikaribie ile saa ya makundi kwa mtoto mmoja tu, mwenye klarineti inayopiga yowe kila akishuka noti za chini. Kwenye bendi ya watu 60 ataambiwa, "Wewe, angalia vidole," na wimbo utaendelea. Chumbani kuna njia. Vua kipulizio na pipa, apulize vipande hivyo viwili peke yake. Inatakiwa itoke noti moja iliyosimama, F shapu ya juu, isiyoyumba. Ikitoka chini zaidi na kuyumba, midomo imelegea au ridi, kile kibao chembamba kinachotetemeka kwenye kipulizio, ni laini mno. Isipotoka kitu, ridi ni ngumu mno kwake au haijalowana. Kisha tazama ridi kwenye mwanga. Ukingo wa ncha ukiwa umemeguka hata kidogo, itupwe. Ikiwa nzima, ikae sawasawa na ncha ya kipulizio, ukionekana mstari mweusi mwembamba kama unywele juu yake. Hayo yakiwa sawa, ndipo unaenda kwenye vidole. Abonyeze matundu yote kwa sekunde tano, kisha ageuze mikono akuonyeshe ncha za vidole. Tundu lililozibwa vizuri linaacha duara kamili kwenye ngozi. Nusu duara ni tundu lililobaki wazi, na mara nyingi litakuwa kwenye kidole cha pete cha mkono wa kulia. Umemaliza kwa dakika tatu, na mtoto ameona kosa lake kwa macho yake mwenyewe. Nyumbani ataweza kujikagua bila mtu.

Fluti ina kipimo cha namna hiyo: kichwa peke yake, bila mwili, kitoe sauti iliyosimama karibu na A. Kwa saksofoni ya alto ni kipulizio peke yake, nacho kitoe A. Tarumbeta isiyopitisha hewa kabisa mara nyingi haijaharibika. Mtoto alipaka mafuta akarudisha pistoni mahali pasipo pake. Soma namba 1, 2, 3 zilizochongwa, zungusha mpaka ukisikia imenasa. Upinde usiotoa sauti kwenye fidla mpya karibu kila mara ni rosini mpya, utomvu mkavu unaopakwa kwenye upinde, ambayo uso wake bado unateleza kama kioo. Ikwaruzwe kwa msasa laini, poda itoke.

Kwa hiyo kila korido iwe na sanduku: mafuta ya vali, grisi ya koki, ridi za ugumu wa namba 2 na 2.5, rosini na kipande cha msasa, nyuzi za akiba za A na E, chaki, bisibisi ndogo, mipira ya kufungia kwa ajili ya springi iliyokatika, mikanda ya kuzuia mguu wa selo usiteleze, na penseli zisizopungua 30. Penseli ndizo zinazokwisha kwanza.

Uchaguzi wa nyimbo nao unaweza kuiua saa hii. Bendi hupenda funguo za B fleti, E fleti na F. Ala za nyuzi hupenda D, G na A, kwa sababu nyuzi wazi, zisizobonyezwa kidole, zinaita zenyewe. Anayetaka bendi na okestra zikutane kwenye wimbo mmoja na kuuweka D meja amewapa klarineti shapu nne na saksofoni za alto shapu tano, kwa kuwa noti zao huandikwa juu kuliko zinavyosikika. Dakika zote 50 zitaishia kwenye vidole vya skeli wasiyoijua. Upande wa pili, B fleti inawanyima fidla E wazi, na kidole cha kwanza kinabidi kirudi nyuma mahali ambapo hakijazoea. F meja ni suluhu nzuri: klarineti na tarumbeta wanasoma G, alto wanasoma D, honi wanasoma C, na nyuzi wana fleti moja tu. Mimi naipenda zaidi D maina. Nyuzi wana D na A wazi, klarineti wanasoma E maina yenye shapu moja, alto B maina yenye mbili, honi A maina isiyo na kitu. Watoto nao hupenda rangi yake, maana nyimbo zao nyingi za mwanzo huwa za meja. Tena klarineti wa pili na wa tatu waandikiwe chini ya mahali pa kuvuka kutoka sauti za chini kwenda B ya kati, noti inayotaka karibu vidole vyote vizibe kwa pamoja.

Kuna jambo moja la maandalizi ambalo lisipofanyika makundi hayana maana. Mwongozaji atume orodha ya bari kwa kila ala kabla ya Jumamosi: fidla za pili, bari 33 hadi 40, tromboni, bari 12 hadi 16 na 57 hadi 60. Pasipo orodha, kila chumba kitaanza bari ya kwanza na kwenda mbele mpaka kengele, ukurasa wa kwanza utang'aa na wa mwisho hautaguswa mpaka wiki ya onyesho. Bari 8 hadi 12 zinatosha kwa siku. Dakika 5 za noti ndefu au nyuzi wazi, 10 za skeli ya wimbo huo, 25 za zile bari, na 10 za kuzirudisha kwenye ukurasa mzima.

Wanaofundisha ni wanafunzi wa chuo, nao wana kosa lao la kudumu: wanaongea. Wanajua mengi, wametoka kufundishwa wiki hiyo hiyo na mwalimu mkali, wanamwagia mtoto yote. Kipimo ni saa ya mkononi. Sauti ya kwanza isikike ndani ya dakika mbili, na kati ya kupiga na kupiga wasizidishe sekunde 30 za maneno. Jambo moja kwa mara moja. "Kiwiko juu kidogo," halafu wapige. Mwaka wa kwanza wasiachwe peke yao na kundi. Wakae na wa mwaka wa tatu au wa nne. Watoto 8 hadi 10 kwa chumba, wapiga ngoma wasizidi 6, tena watumie vibao vya mpira badala ya ngoma zenyewe. Ngoma halisi kwenye chumba kidogo kwa dakika 50 inaumiza masikio, na kwenye vibao kila pigo lisilolingana linasikika wazi.

Usalama wa watoto hauna mjadala. Watu wazima wawili kila chumba, au mlango wenye kioo usiozibwa na bango. Mkono wa mtoto hauguswi bila ruhusa. "Naomba nisogeze kidole chako" inatosha, na akikataa, mwalimu aonyeshe kwa mkono wake mwenyewe.

Ukumbini ni mambo machache. Selo wapewe viti vyenye kikalio bapa, visivyoegemea nyuma. Tromboni waachiwe nafasi mbele ya mrija. Honi wasigandishwe ukutani, kwani sauti yao inatokea nyuma. Nyuzi wawili kwa stendi moja, wa nje apige na wa ndani afunue ukurasa.

Zile dakika 15 za kufunga zisiibiwe na wimbo. Pinde zilegezwe, klarineti zifutwe ndani kwa kitambaa, maji yamwagwe, ridi zitolewe zikauke bapa. Wakati huo mwalimu wa kundi anaandika karatasi moja kwa mwalimu wa shule, mistari mitatu kwa kila mtoto: ala ina tatizo gani, kosa gani limeonekana, bari zipi azirudie. "Ridi ibadilishwe. Kidole cha pete cha kulia hakizibi. Bari 21 hadi 24, polepole, mapigo 60 kwa dakika." Iandikwe mtoto akiwa bado chumbani, ala ikiwa bado haijafungwa, na ikabidhiwe kwa mkono kabla basi halijaondoka.